Skrini Mama na Macho ya Wifi Yangu

Wifi yangu ni mke wa kaka yangu, na kabla hajaolewa tulikuwa tukifanya kazi pamoja, kwa hiyo lawama zote za ndoa ile hurudi kwangu. Kazini hakuna anayemwita kwa jina lake. Anaitwa Jicho. Hata bosi wetu, mtu asiyejua utani ni nini, humwita hivyo mbele ya wateja, na wateja wageni hucheka kwa adabu wakidhani ni wao tu hawajaelezwa.

Karakana yetu inafufua skrini. Za ofisini tunazipokea, za madukani tunazipokea, lakini riziki yetu hasa inatoka kwenye zile kubwa za hospitali, ambazo madaktari hutazamia picha za eksirei. Zinakuja zimefifia, nyingine zina mabaka, nyingine weupe wake umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Tunazifungua, tunabadilisha taa za ndani, tunazirudisha zikiwa kama mpya. Mimi nakaa mlangoni. Napokea mizigo, natuma mizigo, na simu za malalamiko zote ni zangu. Kazi hiyo inataka mtu mwenye mdomo, na mdomo sikunyimwa.

Jicho anakaa chumba cha nyuma. Chumba hakina dirisha, kuta zimepakwa kijivu, taa ni hafifu, ili mwanga wa nje usije ukadanganya. Skrini ikishatengenezwa inawekwa mbele yake, naye anawasha picha ya kupimia. Ni safu ya miraba, inaanza nyeusi tii, inakwenda ikififia mpaka nyeupe pe. Ndani ya mraba mweusi kuna kimraba kingine ambacho weusi wake umepungua kidogo sana. Ndani ya mraba mweupe kuna kingine ambacho weupe wake umepungua kidogo sana. Ukiviona vyote viwili, skrini ni nzima. Usipokiona kimoja, inarudi mezani. Siku ya kwanza nilipoonyeshwa picha ile niliona miraba mitupu, nikajua wananicheza shere kwa ugeni wangu.

Akimaliza hapo anaweka ukurasa uliojaa herufi O, kushoto kulia, juu chini, na mahali fulani katikati yake imefichwa C moja. Unaitafuta huku saa inahesabu. Kwenye skrini nzuri inakurukia usoni. Kwenye skrini mbaya utaisaka mpaka machozi yakutoke. Nilimuuliza mara moja kwa nini ajisumbue hivyo wakati skrini inawaka na kila mtu anaona inawaka. Akanijibu kwa ule upole wake unaoudhi.

"Wifi, skrini haipimwi ili isifiwe. Kuna mtu atakaa mbele yake atafute kitu kidogo, na asipokiona, mtu mwingine ndiye atakayeumia."

Nikarudi mlangoni kwangu.

Kwenye kona ya chumba kile kuna skrini moja isiyotoka kamwe. Tunaiita skrini mama. Nyingine zote hulinganishwa nayo: ikifanana na mama inapita, isipofanana haipiti. Na kwa kuwa skrini nayo huzeeka, mwanga wake ukapungua, Jicho huiongezea mara kwa mara, kidogo hapa, kidogo pale, mpaka aridhike. Amekuwa akifanya hivyo tangu karakana ifunguliwe, na hakuna aliyewahi kumuuliza anaridhika kwa kipimo gani. Ungeuliza ungeonekana huna adabu.

Sasa siku moja akapiga simu daktari wa eksirei wa ile hospitali kubwa inayotulisha. Ni mama mwenye sauti ndogo, wa aina ile ambao wakilalamika unatamani wapige kelele tu yaishe.

"Dada, samahani. Hizi skrini mlizoturudishia."

"Zina nini, daktari?"

"Sijui niseme zina nini. Zinawaka mno. Weupe wake una ubuluu. Nikianza nazo asubuhi, ikifika adhuhuri macho yananiuma, na picha moja naisoma kwa muda wa picha mbili."

"Labda umechoka, daktari."

"Nimechoka, ndiyo. Lakini nikihamia kwenye ile ya zamani ambayo bado hatujawaletea, macho yanatulia."

Nilimjibu kwamba skrini zetu hupimwa na mtu ambaye macho yake hayajawahi kukosea. Nilisema kwa majivuno, kana kwamba macho ni yangu. Yeye akasema asante, akakata. Kesho yake akaja mwenyewe na gari la hospitali, kabeba skrini mbili: moja yetu, moja ile ya zamani. Akaziweka juu ya meza yangu, akasimama kando yake kama mtu aliyeleta mtoto kwa babake.

Bosi akatoka ofisini. Alisikiliza yote akiwa amekunja mikono, kisha akasema maneno ambayo kila mtu karakanani aliyasikia.

"Hospitali hii ndiyo inayotuweka mjini. Tupime tena sasa hivi, mbele ya daktari. Kama skrini ni mbovu, aliyeipitisha hatabaki hapa."

Aliyeipitisha alikuwa anajulikana. Nilimtazama wifi yangu, naye alikuwa anafuta mikono yake kwa kitambaa, taratibu, hana wasiwasi wowote. Wasiwasi nilikuwa nao mimi. Kaka yangu ni fundi cherehani, na wateja wa cherehani siku hizi unaweza kuwajua kwa sura. Nyumba yao inasimama kwa kazi ya Jicho. Lakini hata hilo halikuniumiza kama kufikiri kwamba mtu yule anaweza kuondolewa kwa kosa la macho. Ni sawa na kumfukuza muadhini kwa kukosa sauti.

Tukaingia chumba cha nyuma. Fundi wetu wa vipimo, ambaye tunamwita Mita kwa sababu ya kifaa chake cha kupimia mwanga, akakibandika kifaa juu ya skrini yetu, akasoma, akakibandika juu ya skrini mama, akasoma.

"Zinalingana," akasema.

Jicho akakaa, akatazama miraba. "Vyote viwili vinaonekana. Nzima."

Daktari akakaa. "Mimi kwenye mweupe sioni kitu. Naona mwanga tu."

Bosi akaamuru kila mtu atafute C kwenye skrini zote mbili, yetu na ile ya zamani. Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kunikimbia. Daktari alikuwa mwepesi kwenye ile ya zamani na mzito kwenye yetu. Nikakaa mimi: kwenye yetu nilikodoa mpaka shingo ikauma, kwenye ile ya zamani nikaiona kabla sijakaa vizuri. Nikadhani nimekosea, nikarudia, ikawa vilevile. Mita akakaa, akawa vilevile, akajifanya kiti kinamsumbua. Kisha akakaa Jicho. Kwenye yetu aliiona C mara moja, akaigusa kwa kidole kama anayepangusa chembe. Kwenye ile ya zamani alitafuta, akatafuta, akainama mbele, na mwishoni akasema, "Mnaona jinsi hii ilivyo mbovu?"

Bosi alipoombwa naye ajaribu alisema amesahau miwani nyumbani, na miwani yenyewe ilikuwa inachungulia mfukoni mwa shati lake.

Basi hebu nisaidie. Kifaa kinasema sawa, Jicho anasema sawa, na watu watatu wenye macho yao wanasema si sawa. Wengi wape, wanasema, lakini hiyo ni kwenye mambo ya kura. Kama skrini yetu ni nzima, kwa nini inatupofusha? Na kama ni mbovu, kwa nini mashine isiyo na undugu na mtu inaitetea? Niliwaza hadi kichwa kikaniuma. Daktari aliondoka na skrini yake ya zamani. Mlangoni aliniambia bila hasira, "Mimi sijui mnapima nini humu ndani, dada. Naomba tu nisomee kwenye kitu ninachokiona." Bosi akatupa muda wa kujua ubovu uko wapi, mpaka hospitali ilete mzigo wake mwingine.

Jumapili nikaenda kwa kaka. Yeye hushonea sebuleni, karibu na dirisha, na mtu akiingia hainui kichwa mpaka mshono ufike mwisho. Jicho alikuwa ametoka kwenda sokoni. Kaka alikuwa amepakata suruali nyeusi na kuifumua upindo, anavuta uzi mmoja mmoja.

"Mbona unaharibu kazi yako mwenyewe?"

"Uzi si wake."

Nikautazama. Ulikuwa wa buluu iliyokolea. "Nani ameshonea suruali nyeusi uzi wa buluu?"

Akaendelea kuvuta. Kaka yangu ukimtaka maneno lazima umsubiri, na mimi kusubiri sijui, lakini siku hiyo nilisubiri.

"Wifi yako ndiye hunichagulia nyuzi," akasema. "Tangu tuoane. Ananipangia asubuhi kabla hajaenda kazini, nami nazishonea."

"Na hukosea?"

"Zamani hakukosea."

"Na sasa?"

"Sasa akiondoka nafumua. Akirudi anakuta nguo iko sawa."

"Kaka, umekuwa ukifanya hivyo tangu lini?"

Akainua mabega. Nilimpandia juu. Nilimwambia kwamba kunyamaza kwake si upole, ni uoga uliovaa kanzu, na kwamba mke wake yuko mbioni kupoteza kazi kwa sababu hakuna mtu mwenye ujasiri wa kumwambia neno moja. Hasira zangu ni moto wa kifuu, zinawaka haraka, naye ananijua. Alingoja ziishe.

"Dada, ningemwambiaje? Mji mzima unamwita Jicho, halafu mimi mumewe nimwambie haoni? Tena haoni nini? Anatia uzi kwenye sindano vizuri kuliko mimi. Anasoma. Anakuona ukija toka mbali, anasema, 'Yule anakuja na maneno.' Sikujua niite nini."

Kwa kweli hata mimi sikujua. Nilikunywa maji nikaondoka, na njia nzima nilikuwa nabishana na nafsi yangu. Macho ni mabovu, haya. Na kifaa je? Kifaa hakina macho. Kifaa hakichoki. Kwa nini kikubaliane na mwanamke asiyejua buluu na nyeusi?

Jumatatu nikamfuata Mita kabla hajavua koti.

"Hicho kifaa chako," nikamwambia, "nani anakipima?"

"Kinapaswa kupelekwa kwa wapima vipimo wa serikali," akasema. "Lakini ni mbali, na bosi hapendi kikae huko wakati kazi zinangoja. Kwa hiyo nakisawazisha hapahapa."

"Kwa kulinganisha na nini?"

"Na skrini mama."

"Na skrini mama inasawazishwa na nini?"

Alifungua mdomo. Niliona kabisa jibu likifika, likasimama mlangoni, likakosa pa kutokea.

"Na Jicho," akasema.

"Mita."

"Sikiliza. Kulikuwa na siku zilianza kupishana, kifaa kinasema mwanga umezidi, yeye anasema bado. Ungekuwa wewe ungemwamini nani? Hiki kifaa nimekiangusha mara nyingi. Yeye hajawahi kukosea. Nikakirekebisha kikamfuata. Ikawa nafanya hivyo kila zinapopishana."

Nilikaa juu ya sanduku la mizigo. Kaka nyumbani anafumua nyuzi, Mita kazini anazungusha kifaa chake, na mwanamke wa watu anapita katikati akiona dunia nzima inakubaliana naye. Wote walifanya kwa mapenzi, na ningewapiga wote wawili vibao.

Sasa nani amwambie? Kaka hawezi. Mita alisema yeye ni mtu wa mashine. Nikaona nitamwambia kwa ustaarabu, wakati wa chakula cha mchana, kwa mafumbo ya kiwifi. Nikamzungusha na habari za mama mmoja wa mtaani kwetu aliyepimwa macho akashangaa. Akasema vizuri, apate nafuu. Nikamwambia hata wewe ungejaribu, mganga hajigangi. Akacheka, akasema macho yake anayapima kila siku kuanzia asubuhi hadi jioni, nani mwingine anapima kuliko yeye? Na hapo, kwa kuwa ustaarabu wangu si mrefu, nikasema, "Nyani haoni kundule, wifi. Skrini zako zinatupofusha."

Aliweka kijiko chini. Akarudi chumbani kwake, na kwa siku kadhaa alinipita mlangoni pale kama anapita meza tupu. Sijawahi kunyamaziwa na mtu nikaumia hivyo. Nilimkasirikia, nikajikasirikia, nikaikasirikia hospitali, na bado sikuwa na uhakika hata chembe kwamba nilichosema ni kweli. Labda sisi watatu ndio wabovu. Watu watatu kuwa na macho mabaya si muujiza.

Kisha asubuhi moja akaja mwenyewe mlangoni.

"Njoo," akasema.

Tukaingia chumba cha nyuma. Akanikalisha mbele ya skrini mama, akasimama nyuma yangu.

"Mraba mweupe. Unakiona kimraba cha ndani?"

"Sikioni."

"Tulia. Tazama vizuri."

"Wifi, sikioni. Sijakiona siku nyingi."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani macho yangu ndiyo mabovu. Wewe ndiye Jicho, si mimi."

Nilisikia pumzi yake juu ya kichwa changu. Akanisukuma pembeni kwa bega, akakaa yeye, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama.

"Mimi nakiona," akasema. Kisha akasema polepole, "Au najua tu kilipo. Wifi, sijui kama nakiona au najua kilipo."

Nilitaka kumfariji, nikashindwa kujua kwa lipi. Nikamshika mkono, naye akauacha mkononi mwangu.

Kwenye kliniki ya macho daktari alimwangalia kwa kitaa chake, akamwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, limetanda taratibu na kugeuka rangi ya chupa ya zamani. Wifi yangu akauliza limeanza lini. Daktari akasema ugonjwa huu hauji na tarehe, mwenye nao huwa wa mwisho kujua, kwa sababu kila siku inafanana na jana yake. Wangelifanyia upasuaji jicho la kulia kwanza, la kushoto lingesubiri. Mimi nilikuwa nimeketi naye ndani, nikamwuliza daktari kama mtu mwenye tatizo hili anaweza kuiona skrini inayowaka kupita kiasi kuwa ni ya kawaida. Akasema bila shaka, atataka iwake zaidi na zaidi, na ubuluu uongezwe, kwa sababu buluu ndiyo inayozuiwa ndani ya jicho. Alisema kwa wepesi tu, hakujua anamsomea mtu hukumu.

Bandeji ilipoondolewa nilikuwa kwao. Ningependa kusema alifurahi. Alianza kwa kufumba jicho moja na kufumbua jingine, kulia, kushoto, kulia, kushoto, mpaka kaka akadhani anakonyezwa.

"Ukuta huu tulipaka rangi gani?" akauliza.

"Nyeupe," kaka akasema.

"Kwa jicho hili ni nyeupe. Kwa hili ni kama siagi." Akamgeukia. "Na wewe una mvi."

"Nina chache."

"Kwa jicho la zamani huna hata moja."

"Basi turudishe bandeji," kaka akasema, tukacheka, na kwa kweli tulihitaji kucheka. Lakini yeye aliacha kucheka kabla yetu. Alisimama akaenda kwenye kapu la nyuzi, akazitoa zote, akazipanga juu ya meza. Alizitazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Akaona, pamoja na nyuzi, kile kifungu kidogo cha vipande vilivyofumuliwa ambacho kaka hakuwahi kukitupa. Hakumuuliza. Alikiweka mahali pake.

"Wifi," akaniambia, "ipi ndiyo ya kweli?"

"Ya jicho jipya."

"Unajuaje? Hili jipya lina lenzi ya plastiki ndani yake. Hili jingine nilizaliwa nalo."

Mimi hupenda kuwa na jibu. Nilitafuta kote. Nilisema kwamba jicho jipya linaona kama sisi. Akauliza sisi tunajuaje kwamba tunaona. Kaka akasema chai inapoa.

Siku aliyorudi kazini bosi alikuwa ameshaelezwa yote na Mita, na alimpokea vizuri kuliko tulivyotarajia. Alimfuata mpaka chumba cha nyuma, sisi nyuma yao. Jicho hakukaa. Alifunika jicho la kushoto kwa kiganja, akatazama skrini mama, na akarudi nyuma hatua moja kama aliyefunguliwa mlango wa tanuri.

"Nani ameipandisha hivi?"

Mita akatazama kifaa chake. Bosi akanitazama mimi, kama kawaida yao kukiwa na neno baya la kusemwa.

"Ni wewe, wifi," nikasema.

Akahamisha kiganja kwenye jicho la kulia. "Sasa ni nzuri," akasema kwa sauti ndogo. Akahamisha tena. Alirudia mara nyingi, na kila mara uso wake ulibadilika, mpaka nikaona aibu kumtazama.

Bosi akakohoa. "Yamepita. Kifaa kitapelekwa kupimwa panapostahili. Wewe utafanyiwa jicho la pili, meza yako ipo, hakuna atakayeondoka. Za hospitali ile zikirudi tutazirekebisha bila maneno."

Nilishusha pumzi. Nilifikiri habari imekwisha, na imekwisha kwa heri. Kazi imepona, jicho limepona, kaka atashona kwa amani.

"Na hospitali nyingine?" Jicho akauliza.

"Nyingine hazijalalamika. Kwa hiyo ziko sawa."

Akamgeukia Mita. "Wewe uliwahi kulalamika?"

"Hapana."

"Ulikuwa unaona?"

Mita akatikisa kichwa.

"Wifi, wewe?"

Nami nikatikisa kichwa.

"Wote walinyamaza kama nyinyi," akasema. "Wanakaa mbele ya kitu hiki tangu asubuhi, hawaoni, wanadhani ni macho yao. Na mgonjwa ameambiwa yuko salama, ameenda nyumbani."

Bosi akabadilika sauti. Alisema tukipiga simu moja tu habari itaenea, kila mzigo utarudi, karakana haitamaliza mwezi, na wa kwanza kutoka atakuwa yeye aliyezipitisha, maana hakuna mteja atakayekubali tena sahihi yake. Alisema amfikirie mumewe. Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililonichanganya zaidi. Nilitamani wifi yangu anyamaze. Nilitamani hivyo kwa moyo wangu wote, na sekunde hiyohiyo nilijua kwamba akinyamaza sitaweza kumtazama tena usoni.

Hakubishana na bosi. Alinyoosha mkono akaizima skrini mama, na chumba kikabaki na ile taa yake hafifu.

"Unajua zote zilikoenda," akaniambia. "Kapige simu. Waambie wasizisomee tena, na wazitazame upya picha walizokwisha kuzisoma. Wakiuliza ni kosa la nani, wape jina langu. Lile langu, si hili la hapa."

Nikatoka mpaka mezani kwangu. Bosi hakunifuata, ila nilimsikia akikaa kwenye kiti cha wifi yangu, na kiti kikalia. Nikaipiga namba ya kwanza niliyoikumbuka, kihospitali kidogo cha nje ya mji, ambacho mhudumu wake hunisalimia kila mara na kutusifu kwa kazi nzuri. Simu ikaita. Mhudumu akapokea, akanitambua, akaniuliza habari za nyumbani, akaniuliza nina neno gani leo. Mimi, mwenye mdomo huu, nikashika simu kwa mikono miwili, nikawa sijui nianzie wapi.